Upepo kwenye breki: kwa nini pedali inayopanda ukiipampu bado haijapona

Umewahi kuchukua gari gereji baada ya kubadilishiwa masta au paipu ya breki, ukakanyaga pedali ikazama kama umekanyaga godoro? Ukimuuliza fundi, unaweza kujibiwa hivi: "Pampu mara mbili tatu boss, itapanda tu." Na kweli, ukipampu inapanda. Unalipa, unaondoka.

Makala hii ina jambo moja la kukwambia: gari hilo halijapona, na hutakiwi kuondoka nalo. Pedali kupanda baada ya kupampu si dalili kwamba breki zimekaa sawa. Mara nyingi ni dalili kwamba ndani ya mfumo bado kuna upepo. Tukielewa fizikia yake kidogo, utajua kwa nini, na utajua cha kudai kabla hujatoa hela.

Chukua mfano wa Malolo, kata iliyo Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Msimu wa ufuta ukifika, pikapu inayobeba magunia asubuhi ndiyo hiyohiyo jioni inabeba watu kwenda Ruangwa mjini au Nachingwea. Njiani kuna vumbi, kuna makorongo, kuna mbuzi wanaokatiza bila taarifa. Breki ikiharibika, matengenezo yanafanyika palepale chini ya mkorosho kwa spana, mrija na mtu mmoja wa kusaidia. Hilo lenyewe si tatizo. Kutoa upepo kwenye breki hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kunahitaji utaratibu, na kunahitaji watu wawili wanaoelewana. Huyo wa pili, anayekaa kwenye usukani na kukanyaga, mara nyingi ni wewe mwenye gari.

Breki yako yote imo ndani ya kijiko kimoja

Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni ndogo iliyo ndani ya masta silinda. Pistoni hiyo inasukuma mafuta ya breki, mafuta yanapita kwenye paipu hadi magurudumuni, na kule yanasukuma pistoni kubwa zaidi zinazobana pedi kwenye disiki, au zinazotanua viatu vya breki ndani ya dramu.

Kinachofanya kazi hapa ni kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: ukikibana kimiminika kilichofungiwa, presha inaenea sawa pande zote. Tufanye hesabu ya gari dogo la kawaida. Sema unakanyaga kwa nguvu inayolingana na uzito wa ndoo ya maji ya lita 20, yaani kilo 20. Pedali ni wenzo. Ikizidisha nguvu mara nne, masta inasukumwa kwa kilo 80. Kama masta ina kipenyo cha milimita 22 hivi na pistoni ya kalipa ina milimita 54, eneo la pistoni ya kalipa ni karibu mara sita ya lile la masta. Kwa hiyo pedi inasukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 470. Ni karibu magunia matano ya kilo mia, kutoka kwenye mguu uliosukuma ndoo moja! Na hapo hatujaweka msaada wa busta.

Lakini dunia haitoi bure. Unachopata kwenye nguvu unakilipa kwenye mwendo. Pedali ikishuka sentimita 12, fimbo ya masta inaingia sentimita 3 tu. Kwa masta yetu ya mfano, mafuta yanayosukumwa hayafiki hata mililita 12. Kijiko cha chakula kinabeba mililita 15. Maana yake, uwezo wote wa kulisimamisha gari lako kwa kukanyaga mara moja haujazi kijiko kimoja.

Kati ya hizo mililita 12, tuseme 3 au 4 zinatumika kuziba nafasi ndogo iliyopo kati ya pedi na disiki, viatu na dramu, pamoja na paipu za mpira kutanuka kidogo. Zinazobaki ni akiba yako.

Sasa tuingize upepo. Mafuta ya breki hayabanwi kirahisi: kwa presha ya breki, yanapungua ujazo kwa sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Upepo ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1662 Robert Boyle alieleza kwamba gesi ikiongezewa presha mara mbili, ujazo wake unapungua hadi nusu, mradi joto lisibadilike. Kwenye mfano wetu presha ndani ya paipu inafika karibu mara 20 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Kiputo cha mililita 5, yaani ujazo wa kijiko cha chai, kinabanwa hadi robo ya mililita hivi. Karibu mililita 5 za mafuta uliyosukuma zimeishia kukibana kiputo. Hazikufika kwenye pedi. Jumlisha na zile 4 za kawaida, tayari pedali imeshuka robo tatu ya njia yake.

Na vikiwa vijiko viwili vya chai? Hesabu inazidi 12. Pedali inagonga sakafu, na gari linaendelea kutembea.

Hiyo ndiyo maana ya pedali laini, ile ya godoro. Unakandamiza springi ya hewa badala ya kukandamiza pedi.

Mbona malori yanatumia upepo huohuo?

Swali zuri, na vijana wa gereji huulizana. Scania inasimama kwa breki za upepo, tena dereva anasubiri upepo ujae ndipo aondoke. Iweje kwenye Noah upepo uwe sumu?

Jibu liko kwenye kazi ya pedali. Kwenye gari dogo pedali ni pampu: inasukuma kile kijiko kimoja, basi. Kwenye lori pedali ni valvu: inafungua njia ya upepo uliokwisha kubanwa na kompresa na kuhifadhiwa kwenye matangi. Upepo ukitumika, kompresa inaongeza mwingine. Lori halitegemei kijiko, linategemea tangi. Isitoshe, breki ya kuegesha ya lori inashikwa na springi nzito, na upepo ndio unaoiachia; upepo ukiisha, springi zinabana.

Kwa hiyo upepo si adui kwa asili yake. Ni adui pale unapokaa kwenye mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta.

Kwa nini basi ukipampu inapanda?

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Ukikanyaga na kuachia haraka, pistoni ya masta inarudi upesi kuliko mafuta yanavyorudi kutoka magurudumuni. Nafasi inayobaki inajazwa na mafuta kutoka kwenye kikopo cha juu. Ukikanyaga tena, mafuta hayo mapya yanaongezeka kwenye yale yaliyotangulia. Kila pampu inaongeza kidogo, kiputo kinabaki kimebanwa, na pedali inapanda.

Lakini upepo haujaenda popote. Subiri dakika moja bila kugusa pedali, mafuta ya ziada yanarudi kwenye kikopo, kiputo kinatanuka, na mkanyago unaofuata unazama kama wa mwanzo. Na barabarani, mbuzi akikatiza au mtoto akikimbilia mpira, hupewi nafasi ya kukanyaga mara tatu. Unapewa mkanyago wa kwanza tu.

Usinielewe vibaya: ukiwa barabarani pedali ikazama ghafla, pampu haraka, shusha gia na tumia handbreki taratibu. Kupampu kunaweza kukuokoa siku hiyo. Ila ni uokoaji, si matengenezo.

Upepo unaingilia wapi?

Mfumo ukiwa mzima na umejaa, upepo hauna mlango. Unaingia pale mfumo unapofunguliwa: kubadilisha masta, kalipa, silinda ya gurudumu, paipu ya chuma au ya mpira. Unaingia pia kama mafuta yamevuja hadi kikopo kikakauka, maana masta inaanza kuvuta hewa. Kubadilisha pedi peke yake, bila kufungua paipu wala nipo, kwa kawaida hakuingizi upepo. Kwa hiyo kama umebadilishiwa pedi tu na pedali imekuwa godoro, muulize fundi kilichofunguliwa.

Namna ya kuutoa, hatua kwa hatua

Kila kalipa na kila silinda ya gurudumu ina nipo, ile skrubu ndogo yenye tundu katikati, mara nyingi imevalishwa kifuniko cha mpira. Iko juu kwa makusudi, kwa sababu viputo hupanda juu. Hapo ndipo mlango wa kutokea.

1. Egesha gari sehemu tambarare, zuia matairi kwa mawe au vipande vya mbao, na ukiinua usitegemee jeki peke yake. Weka stendi imara.
2. Futa vumbi kwenye mfuniko wa kikopo na kuzunguka kila nipo kabla ya kufungua. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye masta inakwangua mipira.
3. Jaza kikopo kwa mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko. Kikague kila baada ya mikanyago michache. Kikikauka, mmeingiza upepo mpya na kazi inaanza moja.
4. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, utaratibu uliozoeleka ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, kisha mbele kulia. Yapo magari yenye mpangilio tofauti, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.
5. Vaa spana ya ringi kwenye nipo, kisha chomeka mrija wa plastiki unaoonesha ndani. Ncha ya pili izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa safi. Hapo utaona viputo vinavyotoka, na hewa ya nje haipati njia ya kurudi.
6. Aliye kwenye usukani anakanyaga taratibu mara mbili au tatu, halafu anabana na kusema "Nimeshika!" Fundi anafungua nipo kama robo mzunguko. Mafuta na viputo vinatoka, pedali inashuka. Iache ishuke, lakini mguu ubaki palepale.
7. Fundi anafunga nipo, kisha anasema "Achia!" Hapo tu ndipo mguu unapoondoka.
8. Rudieni mpaka mafuta yatoke safi bila kiputo hata kimoja. Hamieni gurudumu linalofuata.

Hatua ya 6 na ya 7 ndizo roho ya kazi yote. Ukiachia pedali wakati nipo iko wazi, masta inarudi na kuvuta. Kama mrija hauko ndani ya mafuta, au nyuzi za nipo zimelegea, itavuta hewa, na mtahangaika hadi jioni mkitoa upepo na kuurudisha. Kwa hiyo ukiombwa kukaa kwenye usukani, usiangalie simu. Wewe ni nusu ya mashine.

Mambo mawili zaidi. Kwanza, kanyaga taratibu. Ukipampu kwa fujo, kiputo kimoja kikubwa kinavunjika kuwa mapovu madogo, na mapovu yanachelewa kupanda. Pili, kama masta ni ya zamani, usiizamishe pedali hadi sakafuni. Weka kipande cha mbao chini yake. Sehemu ya ndani ambayo pistoni haifikagi kwa kawaida inaweza kuwa na kutu, na mipira ikipita hapo inachanika. Unaanza na tatizo la upepo, unamaliza na masta mbovu.

Mafuta yaliyotoka kwenye chupa usiyarudishe kwenye kikopo, hata kama yanaonekana safi. Na yakidondokea rangi ya gari, yamwagie maji mengi mara moja, kwa sababu yanaila rangi.

Ukitoa na kutoa, bado godoro

Inatokea. Kabla ya kulaumu majini, kagua haya:

Masta mpya. Masta kavu inabeba upepo mwingi ndani yake. Ni vizuri kuijaza na kuisukumasukuma ikiwa mezani hadi viputo viishe, ndipo ifungwe kwenye gari.

Kalipa zimebadilishana pande. Ya kulia ikifungwa kushoto, nipo inaangalia chini. Upepo unakaa juu, mlango uko chini. Hata mkitoa wiki nzima hautatoka.

Valvu ya mzigo. Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux, zina valvu karibu na ekseli ya nyuma inayopima mzigo na kugawa presha ya breki za nyuma. Baadhi ya valvu hizo zina nipo yake, na ni rahisi kusahaulika.

ABS. Baadhi ya magari yenye ABS hunasa upepo ndani ya kifaa chake, na kuutoa kunahitaji mashine ya kompyuta ya kuamrisha valvu zifunguke. Hapo mrija na chupa havitoshi, itabidi gari liende penye mashine hiyo.

Upepo unaojitengeneza wenyewe

Kuna aina nyingine ya kiputo ambayo haihitaji mtu kufungua kitu. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa polepole. Viwango vinataka DOT 3 ikiwa mpya ichemke kwa nyuzi joto zisizopungua 205. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155.

Sasa fikiria pikapu imejaa magunia, inateremka mteremko mrefu, dereva anabana breki mfululizo. Joto la disiki linahamia kwenye kalipa, mafuta yenye maji yanachemka, na mvuke unatokea. Mvuke unabanwa kama upepo. Pedali inazama. Breki zikishapoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inakuwa ngumu tena, na fundi anakwambia haoni tatizo. Dawa yake ni mbili: teremka na gia ndogo ili injini ibebe sehemu ya kazi, na badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hivi. Mkopo uliofunguliwa na kukaa dukani miezi kadhaa usiununue, hasa ukanda wetu wa karibu na pwani wenye unyevu.

Usiweke maji, maji ya sabuni, wala oili ya injini. Maji yanachemka mapema na kuleta kutu. Oili ya injini inavimbisha mipira ya breki, na mipira ikivimba utabadilisha karibu kila kitu. DOT 5 nayo ni ya silikoni. Usiichanganye na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1.

Kabla hujalipa: jaribio la dakika tatu

Zima injini. Pampu pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ili kumaliza nguvu ya busta. Kisha ondoa mguu kabisa, subiri dakika moja. Sasa kanyaga mara moja na usikilize mguu wako.

Ikisimama juu na ni ngumu, vizuri. Ikizama mara ya kwanza, ikapanda mara ya pili lakini inadundadunda kama springi, kuna upepo. Ikizama mara ya kwanza, ikapanda mara ya pili na kuwa ngumu kama jiwe, huenda viatu vya breki za nyuma viko mbali na dramu na vinahitaji kurekebishwa. Halafu ibane kwa nguvu sekunde 30: ikishuka polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja, nje kwenye paipu au ndani ya masta.

Ukiwa umeibana hivyohivyo, washa injini. Pedali itashuka kidogo. Usishtuke, hiyo ni busta inaanza kazi. Baada ya hapo lijaribu gari kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwenye uwanja mtupu, kabla ya kuingia barabarani.

Fundi mzuri hatakasirika ukifanya jaribio hili mbele yake. Wengi hulifanya wenyewe. Na ukikuta mkanyago wa kwanza unazama, usikubali neno "itapanda". Mwombe arudie gurudumu kwa gurudumu, na wewe panda kwenye usukani umsaidie kushika na kuachia. Kazi hiyo haizidi saa moja, na waliopanda nyuma juu ya magunia hawana namna nyingine ya kujua kama breki zipo.